Kutoka Simu ya Stesheni Hadi Intaneti: Somo kwa Wana-Gulwe



Kamati ya harambee imeniomba niandike historia fupi ya mawasiliano na kompyuta, kwa sababu mwaka huu tunachangia chumba cha kompyuta na intaneti kwa ajili ya watu wa nyumbani. Nilisita kidogo. Mimi ni mhasibu, si mwanahistoria. Lakini nilipokaa chini kufikiri niliona kwamba kazi hizi mbili ni ndugu. Zote zinauliza swali moja: kilichoingia kilikwenda wapi?

Basi naomba nianze na hesabu ninayodaiwa mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla chama chetu hakijawa na utaratibu huu tulionao, baadhi yetu tulichangishana Dar es Salaam tukanunua kompyuta sita zilizotumika. Tukazipeleka katika shule moja ya huko nyumbani. Mimi ndiye niliyeshika fedha. Siku ya makabidhiano ilikuwa siku nzuri: kwaya iliimba, wazee walitubariki, mgeni rasmi alikata utepe, tukapigwa picha. Niliporudi mjini nikaandika mstari mmoja kwenye daftari, "Kompyuta 6, zimekabidhiwa", nikajumlisha, nikapiga mstari wa mwisho.

Nilipopita pale baada ya mwaka mmoja na nusu nilikuta chumba kimefungwa kwa kufuli. Ndani, kompyuta zimefunikwa kitenge kizuri kabisa, na juu ya kitenge kuna vumbi. Mbili zilikuwa zimeungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Nyingine zilikuwa nzima, ila hapakuwa na fedha ya kununua umeme wa luku, wala ya bando, na mwalimu pekee aliyezifahamu alikuwa amehamishwa. Sikuwa na wa kumlaumu. Mimi mhasibu, ninayewaambia wenye kampuni kila siku kwamba gari bila bajeti ya mafuta ni banda la kuku, nilikuwa nimefunga hesabu ya mradi siku ileile ulipozinduliwa.

Makala hii naiandika ili tusirudie kosa hilo. Nimetazama nyuma nione ni vyombo gani vya mawasiliano vilidumu, kwetu na kwingine, na ni vipi vilikufa, na kwa nini.

Mtandao wa kwanza wa Gulwe

Watu husema Gulwe tumechelewa kufikiwa na mawasiliano. Si kweli hata kidogo. Kabla ya reli, njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Ujiji ilipita Mpwapwa, kwa sababu pale kuna maji. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na Wajerumani nao wakaweka boma lao hapo. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1910 ilifika Dodoma, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Reli haikupanda kwenda Mpwapwa. Ilifuata bonde la mto, na stesheni ikawekwa Gulwe. Tangu hapo, aliyetaka kwenda Mpwapwa kwa treni alishukia kwetu, na mzigo wa Mpwapwa ulipakuliwa kwetu. Tukawa mlango.

Pamoja na reli zilikuja nguzo na waya. Sisi tuliokulia pale tunazikumbuka nguzo zile zikiandamana na reli hadi macho yanapoishia. Ndani ya ofisi ya stesheni masta kulikuwa na simu ya reli, na kazi yake haikuwa maongezi. Njia yetu ni moja: treni inayotoka Dar es Salaam na inayotoka Kigoma zinapita juu ya reli ileile, na hupishana stesheni tu. Kabla hajaruhusu treni kuondoka, stesheni masta alipaswa kuwasiliana na mwenzake wa stesheni inayofuata, ajue njia iko wazi, aandike kwenye kitabu saa na dakika. Simu ile ikifa, treni zinasimama, au linatokea jambo baya zaidi.

Baba yangu alifanya kazi kwenye genge, wale waliotunza kipande chao cha reli kwa sururu na spana. Alikuwa akisema kwamba kwenye reli hakuna kitu kisicho na mwenyewe. Kila kipande cha njia kina genge lake. Waya una fundi wake, ambaye ukikatika anafuata nguzo moja moja mpaka apate palipokatika. Betri za simu zina siku yake ya kukaguliwa. Kitabu kina mtu wa zamu, na akitoka zamu anamkabidhi mwenzake kwa sahihi.

Simu ile haikuwa ya wananchi, lakini Gulwe ilinufaika nayo. Msiba ukitokea Tabora au mtu akilazwa Morogoro, habari mara nyingi ilitufikia kwa hisani ya mtu wa reli, kabla ya barua. Kwa miaka mingi ule ulikuwa ndio mtandao wetu.

Jiulizeni kwa nini ulidumu. Watu wa wakati ule hawakuwa na elimu kubwa kuliko sisi, na vyombo havikuwa imara kupita kiasi. Ni bonde lilelile la mafuriko tunalolijua. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 maji yaliisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, na haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Ulidumu kwa sababu kulikuwa na mtu aliyelipwa kuutunza, vifaa vya kuutengenezea, na daftari la kumuuliza alichofanya. Nayashika mambo hayo matatu, maana tutakutana nayo tena.

Kompyuta ya kwanza nchini na hasara yake

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500. Kazi yake ilikuwa ya kihasibu, na ndiyo maana habari hii ilinigusa niliposoma chuoni. Nchi ilikuwa changa, wahasibu Waafrika wachache, na ilionekana mashine itaziba pengo.

Haikuziba. Kuhamisha hesabu za serikali kwenye mashine kulihitaji wataalamu ambao nchi haikuwa nao, taratibu ambazo hazikuwa tayari, na usimamizi ambao haukuwepo. Hesabu zikavurugika, fedha nyingi zikapotea, na ikabidi kazi irudishwe kwenye njia za zamani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini bila kibali maalum. Masharti hayo yalikuja kulegezwa katika miaka ya 1980.

Wengine huisimulia habari hii kama kichekesho, eti Tanzania ilipiga marufuku kompyuta. Mimi siioni hivyo. Naona nchi iliyonunua chombo cha gharama kubwa kabla ya kuandaa watu wa kukiendesha, ikaumia, ikaogopa. Kuna umbali gani kati ya Wizara ya Fedha ya wakati ule na kompyuta zangu sita chini ya kitenge? Tofauti ni ukubwa wa hasara tu. Na woga ule uligharimu pia. Ilipita karibu miaka kumi vijana wa Kitanzania wakikosa kujifunza kitu ambacho wenzao walikuwa wanakizoea.

Intaneti yaingia, vijiji vyasubiri

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari na watafiti wa Muhimbili walianza kupeleka na kupokea barua pepe kupitia mtandao wa HealthNet. Sheria ya mwaka 1993 ililigawa lililokuwa Shirika la Posta na Simu, na mwaka 1994 zikazaliwa Posta na Kampuni ya Simu, TTCL, kila moja kivyake. Mwaka huohuo simu za mkononi zikaanza Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni za kuuza intaneti zikafunguliwa, CyberTwiga ikiwa miongoni mwa za mwanzo kabisa.

Mimi nilikutana na kompyuta kwa mara ya kwanza nilipofika chuo kikuu. Nilikuwa mtu mzima, nina ndevu, na sikujua hata kushika kipanya. Mwenzangu aliyetoka shule ya mjini alinionyesha bila kunicheka, namshukuru hadi leo. Jioni tulikwenda mjini kwenye intaneti kafe kulipia nusu saa, tufungue barua pepe ambazo hakuna mtu alikuwa ametuandikia.

Wakati huo kulikuwa na watu waliojiuliza vijijini itakuwaje. Jibu moja lilikuwa Sengerema, mkoani Mwanza. Mwaka 2001 kilianzishwa pale kituo cha mawasiliano cha jamii, kwa juhudi za Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, pamoja na mashirika ya kimataifa likiwamo UNESCO. Kituo kilikuwa na kompyuta, mafunzo na huduma za ofisi, na kikawa pia na redio ya jamii. Nawaomba wana-Gulwe tukiangalie kwa makini, kwa sababu hakikutegemea intaneti peke yake kujiendesha. Mtu aliyekuja kutoa kopi, kuchapa barua, kujifunza kompyuta au kutoa tangazo redioni alilipa kidogo, na kidogo kile kilisaidia kulipa umeme. Watu ambao hawakuwa na haja ya intaneti waliisaidia intaneti iendelee kuwepo.

Mwaka 2006 Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ili kampuni zinazopata faida mijini zichangie huduma kufika vijijini. Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa ukaanza kujengwa kuelekea mikoani. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipanda angani kwa setilaiti, kwa bei ya juu mno. Kuanzia hapo bei ilianza kushuka.

Wakati huohuo mambo ya serikali yakahamia mtandaoni, na hapo ndipo jambo hili lilipoacha kuwa anasa. Leo kijana akimaliza kidato cha sita anaomba chuo mtandaoni, anaomba mkopo mtandaoni, na akimaliza chuo anaomba ajira mtandaoni. Kijana mmoja wa shangazi yangu alifaulu vizuri. Akatoka Gulwe kwenda kujaziwa fomu ya mkopo kwenye stesheneri moja mbali na nyumbani, akalipa, akarudi. Aliyemjazia alikosea tarakimu moja ya namba ya mtihani. Kijana hakuwa na mahali pa kufungua na kuhakiki mwenyewe. Alipogundua, dirisha lilikuwa limefungwa. Alikaa nyumbani mwaka mzima akichunga mbuzi wa babu yake, na alama zake nzuri ziko ndani ya bahasha. Tarakimu moja, ndugu zangu, ilimgharimu mwaka.

Mtasema siku hizi kila kijana ana simu janja. Wengine wanazo, ni kweli. Lakini fomu ya kurasa kumi yenye viambatanisho vya kuskani, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka na bando la siku moja, ni kujitafutia makosa yaleyale. Na hakuna aliyejifunza uhasibu, usanifu wa majengo au kuandika programu kwa kidole gumba.

Siku moja ya kuvuta waya

Nitoke nje ya nchi kidogo, kuna jambo linalotuhusu. Tarehe 9 Machi 1996, katika jimbo la California nchini Marekani, maelfu ya watu waliojitolea walikwenda kwenye shule za mitaa yao kuvuta nyaya za intaneti hadi madarasani. Waliiita NetDay. Walioanzisha wazo ni John Gage wa kampuni ya Sun Microsystems na Michael Kaufman, aliyekuwa mtu wa televisheni ya umma. Wazazi, wahandisi na walimu walipanda ngazi na kutoboa kuta. Rais Bill Clinton na Makamu wake Al Gore nao walikwenda shule moja kushika waya. Kwa lugha yetu ule ulikuwa msaragambo, sawa na tunavyochimba msingi wa zahanati au kufyatua matofali ya darasa.

Lakini kuvuta waya ni kazi ya Jumamosi moja. Kulipia huduma mwezi hadi mwezi na kuwafundisha walimu ni kazi ya miaka. Wamarekani walilitambua hilo. Sheria yao ya mawasiliano ya mwaka huohuo wa 1996 ilifungua njia ya mpango uitwao E-Rate, unaozipunguzia shule na maktaba gharama za mawasiliano kwa asilimia 20 hadi 90, shule maskini zikipata punguzo kubwa zaidi. Kama nchi tajiri kiasi kile iliona kwamba msaragambo bila bajeti ya uendeshaji hautoshi, sisi ni nani tudhani utatutosha?

Majirani zetu wa Kondoa

Mfano ninaoupenda zaidi hauko Marekani. Uko mkoani kwetu.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kwa kushirikiana na tawi la Tanzania la Internet Society, kilianzisha Mtandao wa Jamii wa Kondoa. Katika kazi hiyo jina linalotajwa sana ni la Dkt. Jabhera Matogoro, mwalimu wa chuo hicho. Mtandao wa jamii maana yake ni mtandao ambao wananchi wenyewe wanashiriki kuujenga, kuumiliki na kuutunza, badala ya kungoja kampuni ione kuna faida.

Kondoa walijaribu kutumia kitu kilicholala bure. Masafa yaliyotengwa kwa ajili ya televisheni hayatumiki yote kila mahali. Tangu tulipoachana na antena za analojia na kuingia kwenye ving'amuzi mwaka 2013, nafasi hizo zilizo wazi zimeongezeka. Masafa hayo husafiri mbali, na yanavumilia vilima na miti kuliko yale ya intaneti ya kawaida isiyo na waya. Kwa kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, walifunga mitambo inayotumia nafasi hizo kupeleka intaneti kwenye shule. Anayeijua Kondoa anajua vilima vyake. Anayeijua Gulwe na Mpwapwa ataelewa kwa nini habari hii inatuhusu.

Mwishoni mwa Oktoba 2019, Chuo Kikuu cha Dodoma kilipokea mkutano wa nne wa Afrika wa mitandao ya jamii. Mkutano ule uliwakutanisha watu wanaofanya kazi hii katika nchi mbalimbali za bara letu. Ulifanyika Dodoma, saa chache tu kutoka kwetu, na wengi wetu hatukuwa na habari.

Miongoni mwa mitandao inayojulikana katika kazi hii ni Zenzeleni wa Mankosi, kijiji cha Eastern Cape nchini Afrika Kusini. Jina lenyewe kwa Kixhosa maana yake ni "jifanyieni wenyewe". Kijiji kile hakikuwa na umeme wa kuaminika. Walipofunga mitambo ya mtandao kwenye nyumba za watu, wakaweka na sola. Kisha umeme wa sola uliobaki wakautumia kuchaji simu za wanakijiji kwa malipo madogo, na fedha ile ikaingia kwenye ushirika wao. Uganda kuna BOSCO, iliyoanza mwaka 2007 chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, ikipeleka kompyuta za sola kwa watu waliokuwa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani wakati wa vita.

Linganisheni sasa. Sengerema kuna kopi na redio. Mankosi kuna kuchaji simu. Kondoa kuna chuo kikuu chenye vijana wa kufundisha. Kila palipodumu pana mtu wa kutunza, kuna chanzo cha fedha ndogondogo, na kuna wa kuulizwa hesabu. Ni mambo yaleyale matatu ya simu ya stesheni masta wetu.

Hesabu tunayopaswa kuifanya sasa

Naomba niingie kwenye taaluma yangu kidogo, kwa mfano rahisi. Tuseme kompyuta moja inanunuliwa kwa shilingi 1,200,000 na itafanya kazi miaka minne. Kila mwaka inakula shilingi 300,000 za thamani yake, hata kama hakuna aliyeigusa. Hiyo ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Kompyuta kumi ni shilingi 250,000 kwa mwezi za uchakavu peke yake. Hapo hujanunua luku, bando, wino wa printa, wala hujamlipa kijana anayefungua mlango asubuhi. Asiyeitenga fedha hiyo kila mwezi, baada ya miaka minne atarudi kwenye harambee nyingine kuomba kompyuta zilezile. Wahenga wa biashara walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo kamati imekubali mwaka huu tusichangie vifaa peke yake. Mchango wenu utagawanywa katika mafungu matatu, na kila fungu litakuwa na ukurasa wake kwenye daftari.

Fungu la kwanza ni vifaa: kompyuta, printa ya kutolea kopi, kifaa cha kuzuia umeme unaorudi kwa nguvu, na sola ya kusaidia umeme unapokatika.

Fungu la pili ni uendeshaji wa miezi 36: luku, intaneti, matengenezo na akiba ya uchakavu. Fungu hili halitaguswa kununulia kitu kingine, hata mgeni rasmi akija. Hatutafungua mlango mpaka fungu hili litimie.

Fungu la tatu ni mtu. Tunataka kijana mmoja au wawili wa nyumbani, watakaopelekwa kujifunza kutengeneza kompyuta na kutunza mtandao, kisha walipwe posho ya mwezi. Asiwe mwalimu wa kuhamishwa. Awe mtoto wa pale, ambaye mama yake akipita chumba kimefungwa mchana atamuuliza kuna nini.

Huduma za kuchapa, kutoa kopi na kuskani zitalipiwa kidogo. Wanafunzi watakuwa na saa zao za bure kila siku. Hesabu za kila robo mwaka zitabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, tena kwa herufi kubwa, ili hata bibi aliyetoa kuku wake katika harambee aone kuku wake alikwenda wapi.

Mara mbili kwa mwaka tunataka pawe na siku ya wazi. Ya kwanza ni Desemba, wengi wetu tunaporudi nyumbani kwa sikukuu. Kila mwana-Gulwe anayejua kitu akae na kijana mmoja kwa siku moja. Mimi nitafundisha kutunza hesabu kwa jedwali la kompyuta. Nesi afundishe lake, fundi umeme lake, mwanasheria lake. Ya pili iwe baada ya matokeo ya kidato cha sita, wakati madirisha ya vyuo na mikopo yamefunguliwa. Siku hiyo kazi yetu itakuwa moja tu: kila fomu ihakikiwe na watu wawili kabla haijatumwa. Nimeshaomba zamu yangu siku hiyo, na mnajua ni kwa sababu ya nani.

Treni haisimami kwa asiye stesheni

Mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Reli hiyo nayo imepita Gulwe. Kwa mara ya pili ndani ya miaka 120 njia kubwa ya nchi imepita mlangoni kwetu, na safari hii ishara zake zinaendeshwa na kompyuta na mawasiliano ya redio badala ya stesheni masta kuuliza kama njia iko wazi. Vijana watakaoitunza mitambo ile watatoka mahali fulani. Hakuna sababu wasitoke Gulwe, ila hawatatoka Gulwe kama mara yao ya kwanza kushika kipanya ni wakiwa na ndevu kama mimi.

Nilipoirudia shule ile nilichukua picha ya zile kompyuta chini ya kitenge. Ninayo kwenye simu yangu, na mwaka huu nitaionyesha kwenye kila kikao cha harambee, aibu na iwe yangu. Kisha nitaufungua upya ule ukurasa nilioufunga mapema. Daftari hilo nitakuja nalo Desemba. Yeyote atakayetaka kulikagua anikute stesheni, tutakaa chini ya kivuli tulipitie mstari kwa mstari.